Slaidi Isiyosomeka ni Bidhaa Pungufu
Matini ya mazungumzo kwa wanunuzi wa kozi za mtandaoni



Mlaji amezoea kukagua mizani sokoni, kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi na kudai risiti. Leo tunazungumzia bidhaa isiyopimwa kwa kilo wala kwa lita, lakini ambayo nayo ina vipimo vyake: kozi inayosomwa kwa njia ya mtandao. Vipimo tunavyovikusudia ni upana na kimo cha slaidi, yaani zile kurasa ambazo mkufunzi huzionyesha moja baada ya nyingine huku akieleza somo.

Huenda mtu akauliza: jambo hili linamhusu nini mnunuzi? Je, si kazi ya mkufunzi kujua ukubwa wa kurasa zake? Ni kazi yake, hatukatai. Lakini hasara ya kipimo kibaya haimwangukii mkufunzi; humwangukia aliyelipa. Tuchukue mfano wa mama anayesoma kozi ya utunzaji wa hesabu ili apate cheti na kuendesha duka lake vizuri zaidi. Amelipa ada, amenunua bando, ametenga saa moja ya usiku baada ya watoto kulala. Somo linafika kwenye daftari la fedha, na jedwali lenye safu tisa linatokea kwenye kioo cha simu yake kama msafara wa sisimizi. Anasikia mkufunzi akisema, "Kama mnavyoona hapa," naye haoni kitu.

Mwanafunzi wa namna hii mara nyingi hujilaumu. Husema macho yake yamechoka, au simu yake ni ya bei nafuu mno. Tunataka kuonyesha leo kwamba mara nyingi kosa haliko machoni wala mfukoni. Liko katika vipimo, na vipimo vinaweza kukaguliwa kabla ya kulipa.

Umbo la slaidi na umbo la kioo

Tuanze na umbo. Kila slaidi ina uwiano wa upana na kimo. Kwa miaka mingi uwiano uliotawala ulikuwa wa 4 kwa 3, kwa sababu runinga, kompyuta na projekta za wakati ule zilikuwa na umbo hilo. Baadaye vioo vipana vya uwiano wa 16 kwa 9 vikachukua nafasi. Programu ya PowerPoint, inayotumiwa na wakufunzi wengi, iliyafuata mabadiliko hayo. Hadi toleo la mwaka 2010, slaidi mpya ilianza na upana wa sentimita 25.4 na kimo cha sentimita 19.05, yaani 4 kwa 3. Kuanzia toleo la mwaka 2013, slaidi mpya huanza na upana wa sentimita 33.87 na kimo kilekile cha sentimita 19.05, yaani 16 kwa 9. Mkufunzi asipobadilisha chochote, hivyo ndivyo vipimo atakavyotumia.

Sasa tupime vioo. Kompyuta mpakato yenye kioo cha inchi 15.6 cha uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 34.5 hivi. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Upana huo unakaribia kulingana kabisa na upana wa slaidi yenyewe. Mkufunzi anayeandaa somo kwenye kompyuta hiyo huziona herufi zake kwa ukubwa wake halisi. Kila kitu kinasomeka, naye anaridhika kwa haki kabisa.

Mwanafunzi, kwa upande wake, ana simu. Simu janja nyingi za leo ni ndefu na nyembamba kuliko runinga. Uwiano wa 20 kwa 9 ni wa kawaida. Kioo cha inchi 6.5 chenye uwiano huo kina urefu wa sentimita 15 hivi na upana wa sentimita 6.8. Mwanafunzi akiilaza simu, slaidi ya 16 kwa 9 hujaza kimo chote cha kioo na kupata upana wa sentimita 12, huku mkanda mweusi wa sentimita moja na nusu ukibaki kila upande. Akiisimamisha simu, kama wengi tufanyavyo, slaidi ileile hupata upana wa sentimita 6.8 na kimo cha sentimita 3.8 tu. Hiyo ni nafasi ndogo sana.

Slaidi ya umbo la zamani, ile ya 4 kwa 3, hutenda kinyume. Simu ikilazwa, hupata sentimita 9 kwa 6.8, ikawa ndogo kuliko ile pana. Simu ikisimamishwa, hupata sentimita 6.8 kwa 5.1, ikawa kubwa kuliko ile pana kwa theluthi moja ya eneo. Kwa hiyo hakuna umbo moja lililo bora kila mahali. Umbo bora hutegemea kioo na namna kinavyoshikwa.

Hesabu ya herufi

Umbo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ukubwa wa herufi. Katika programu za uandishi, saizi moja ya herufi ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Herufi za saizi 24 kwa hiyo huchukua milimita 8.5 za kimo, kuanzia ncha ya juu ya herufi ndefu hadi mkia wa ile inayoshuka chini ya mstari. Hivyo ndivyo mkufunzi anavyoziona kwenye kompyuta yake.

Kwenye simu iliyolazwa, slaidi hupungua hadi kukaribia theluthi moja ya upana wake, na herufi hizo hubaki na milimita 3. Huo unakaribia ukubwa wa maandishi ya gazeti. Zinasomeka, ingawa hazina ziada. Kwenye simu iliyosimamishwa, slaidi hupungua hadi sehemu moja ya tano, na herufi hubaki na milimita 1.7. Ni nusu ya maandishi ya gazeti, na hakuna mhariri wa gazeti ambaye angethubutu kuwauzia wasomaji wake karatasi ya namna hiyo.

Tumezungumzia saizi 24, ambayo wakufunzi wengi huiona kuwa kubwa. Je, saizi 14, inayopendwa katika majedwali? Kwenye simu iliyolazwa hubaki na milimita 1.8, kwenye simu iliyosimamishwa, milimita moja. Na lile jedwali la safu tisa? Kila safu hupata milimita saba na nusu kwenye simu iliyosimamishwa. Ndani ya nafasi hiyo inatakiwa ikae namba kama 1,250,000. Mama wa mfano wetu hakuwa na tatizo la macho.

Ubora wa video hauongezi ukubwa

Matangazo mengi ya kozi husifu ubora wa video: "HD," "Full HD," na kadhalika. Maneno hayo yana maana, lakini si ile ambayo mnunuzi huidhania. Full HD ni picha yenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Pikseli ni vile vinukta vidogo vinavyounda picha. Vikiwa vingi, picha huwa na makali zaidi. Lakini herufi yenye milimita 1.7 hubaki na milimita 1.7. Itakuwa herufi ndogo iliyo safi badala ya herufi ndogo yenye ukungu.

Kuna jambo la pili, linalougusa mfuko. Video yenye pikseli nyingi hula bando zaidi. Wengi wetu hupunguza ubora ili bando lidumu, au mtandao wenyewe huupunguza unapokuwa dhaifu, hadi mistari 360 au 240. Tuone kinachotokea. Kwenye slaidi ya kawaida, herufi za saizi 24 huchukua takriban sehemu moja ya 22 ya kimo. Video ikiwa na mistari 1080, herufi hizo huchorwa kwa mistari 48. Ikiwa na mistari 240, huchorwa kwa mistari kama kumi tu, na herufi fupi kama a, e na o hupata nusu ya hiyo. Hapo e na o huanza kufanana, na 3 na 8 pia. Katika kozi ya hesabu, kufanana kwa 3 na 8 si jambo dogo.

Kwa maneno mengine, slaidi yenye herufi ndogo humlazimisha mwanafunzi kununua bando kubwa ili asome. Slaidi yenye herufi kubwa husomeka hata kwa bando dogo. Gharama ya kozi, basi, haiishii kwenye ada iliyotangazwa.

Umbo lipi kwa matumizi yapi

Tumeulizwa mara nyingi swali la moja kwa moja: nichague kozi yenye slaidi za namna gani? Jibu letu linafuata namna utakavyosoma.

Ukisoma kwa kompyuta au kwa runinga, umbo la 16 kwa 9 linakufaa, kwa kuwa linajaza kioo bila mikanda myeusi.

Ukisoma kwa simu iliyolazwa, umbo hilohilo linakufaa, ilimradi herufi zisipungue saizi 24 kwenye slaidi ya sentimita 33.87.

Ukisoma kwa simu iliyosimamishwa, labda kwa sababu unasoma ndani ya daladala ukiwa umeshika bomba kwa mkono mmoja, slaidi pana haikufai isipokuwa herufi zake ni za saizi 40 au zaidi. Slaidi ya 4 kwa 3 hukupunguzia adha kidogo. Inayokufaa kabisa ni slaidi ya wima ya 9 kwa 16, inayojaza upana wote wa simu na kutumia sentimita 12 za urefu wake. Fahamu tu kwamba slaidi ya wima, ikifunguliwa kwenye kompyuta, huonekana kama nguzo nyembamba katikati ya kioo.

Ukipenda kuchapisha masomo kwenye karatasi, kumbuka kwamba karatasi ya A4 ina sentimita 29.7 kwa 21. Slaidi ya 4 kwa 3 huijaza karibu yote. Ile ya 16 kwa 9 huacha zaidi ya sentimita nne za kimo zikiwa tupu. Si hasara kubwa, kwani nafasi hiyo hufaa kuandikia maelezo yako.

Ukisoma katika kikundi, kwenye ukumbi wenye projekta ya zamani ya pikseli 1024 kwa 768, slaidi pana itaacha mikanda mitupu juu na chini, na herufi zitapungua. Waliokaa nyuma ndio watakaoumia.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi wa kitambaa hukishika kabla ya kukilipia. Mnunuzi wa kozi naye afanye hivyo. Tunapendekeza hatua sita.

Kwanza, omba somo la majaribio, na ulifungue kwenye kifaa kilekile utakachosomea. Kuliona kwenye kompyuta ya rafiki hakukuambii lolote kuhusu simu yako.

Pili, usiridhike na slaidi ya kwanza. Slaidi ya kwanza ina kichwa cha habari na picha, na kila muuzaji huipamba. Omba kuonyeshwa slaidi yenye maandishi mengi kuliko zote, au jedwali kubwa kuliko yote. Ukiweza kulisoma hilo, mengine yote utayasoma.

Tatu, shika simu kwa umbali uliouzoea, na usome neno dogo kuliko yote bila kukuza picha kwa vidole. Kukuza mara moja si kosa. Kukuza kila slaidi, huku mkufunzi akiendelea kuzungumza, ni kukimbiza somo lisilokungoja.

Nne, punguza ubora wa video hadi kiwango ambacho bando lako la kawaida linakimudu, kisha usome tena.

Tano, tazama maduara. Ukiona nembo ya mviringo au gurudumu limekuwa kama yai, tambua kwamba slaidi za umbo moja zimevutwa zikae katika umbo jingine. Mwandalizi asiyeona yai hilo huenda hakukagua mengine pia.

Sita, uliza kama slaidi hutolewa pia kama faili la PDF la kupakua. Faili hilo unaweza kulikuza, kulisoma polepole na kulichapisha. Na kama slaidi hutumwa kwa WhatsApp, omba zitumwe kama faili, si kama picha za kawaida, kwa sababu picha hupunguzwa ubora njiani.

Majibu ya muuzaji yaombe kwa maandishi, uyahifadhi. Kuuliza si ujinga, na muuzaji anayekerwa na maswali kabla ya kupokea fedha hatakuwa mpole baada ya kuzipokea.

Neno kwa wanaoandaa kozi

Miongoni mwenu wamo pia wanaouza ujuzi wao: washonaji, wapishi, walimu wa ziada, wataalamu wa kilimo. Nanyi mna wateja, na neno letu kwenu ni fupi. Amueni umbo la slaidi kabla ya kuandika neno la kwanza, kwa maana kubadilisha baadaye huvuruga picha na majedwali. Waulizeni wateja wenu wanasomea kifaa gani. Kama hamjui, tumieni 16 kwa 9 na herufi kubwa, mistari michache, wazo moja kwa kila slaidi. Jedwali la safu tisa ligawanyeni katika slaidi tatu, mkirudia safu ya kwanza ili msomaji asipotee. Acheni sehemu ya chini ya slaidi wazi, kwa kuwa hapo ndipo hupita maandishi ya tafsiri na vitufe vya kuchezea video. Maandishi yawe meusi juu ya rangi nyeupe au ya namna hiyo. Herufi za kijivu juu ya weupe hupotea mtu anapokuwa juani. Na kabla ya kuuza, fungueni somo lenu kwenye simu, isimamisheni, mlisome. Jaribio hilo la dakika tano linaweza kuwaepusha na malalamiko ya mwaka mzima.

Haki na wajibu

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani aliliambia Bunge la nchi yake kwamba mlaji ana haki nne: haki ya usalama, haki ya kupata taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Tangu mwaka 1983, tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Wakati wa haki hizo kutangazwa hakukuwa na slaidi za mtandaoni, lakini haki hazikuwekewa mipaka ya bidhaa. Tangazo linalosema kwamba kozi "inasomeka kwenye simu yoyote" ni taarifa kwa mlaji, na taarifa sharti iwe ya kweli.

Ukikuta kwamba ulichouziwa si kilichotangazwa, anza na muuzaji. Mweleze tatizo kwa vipimo badala ya hasira. "Kozi yako mbovu" ni maneno anayoweza kuyakataa. "Jedwali la somo la nne halisomeki kwenye simu ya inchi 6.5 niliyoilaza, nawe uliandika kwamba linasomeka" ni maneno yanayohitaji jibu. Ambatanisha picha ya kioo chako, tangazo lake na uthibitisho wa malipo. Mwombe faili la PDF, au slaidi zilizorekebishwa, au fedha zako. Akinyamaza, peleka vielelezo hivyohivyo kwenye chombo cha umma kinachosikiliza malalamiko ya walaji. Malalamiko yenye vielelezo husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko manung'uniko.

Ndugu wananchi, elimu kwa njia ya mtandao imewafungulia mlango watu wengi ambao zamani wangelazimika kuacha kazi, familia na mji wao ili wasome. Tunaitakia heri, na hatusemi haya ili kuwaogopesha. Tunasema ili fedha mnayoitoa irudi kwenu kama maarifa. Mkitoka hapa, kabla ya kulipia kozi yoyote, fanyeni jambo moja tu: ombeni slaidi yao yenye maandishi mengi kuliko zote, ifungueni kwenye simu zenu, mjaribu kuisoma. Isiposomeka leo, haitasomeka baada ya kulipa.